Nipeni hesabu ya sinia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonikaa rohoni tangu Idi iliyopita. Siku ya tatu ya sikukuu, asubuhi mapema, niliwamwagia kuku pilau. Si ukoko, wala si masazo ya kwenye sinia. Pilau nzima ya nyama ya ng'ombe, nusu sufuria, ishaanza kuchacha. Friza ninayo, lakini ilikuwa imejaa nyama hata mlango haufungi. Habari ya friza nitaifikia. Kuku wenyewe walidonoa, wakashiba, wakaenda zao. Mie nimezaliwa mwaka 1962, nimekulia hapa hapa Pemba, miaka ya kupanga foleni ya mchele naijua, na mkono wangu haujazoea kumwaga wali. Nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi nikaanza kujihesabia: nimepika pishi sita za mchele, zimeliwa sinia tatu.

Wasomaji wako wa mbali wanielewe. Kwetu wageni wa chakula hawahesabiwi kwa vichwa, huhesabiwa kwa sinia. Sinia moja ni watu wazima watano. Watoto huenea hata saba, kwa kusukumana. Nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Wete, siku ya pili ya Idi ilikuwa ya kwa mama. Siku ya mosi kila mtu akae kwake, aende kwa wakwe zake, atembelee majirani. Siku ya pili, ikisaliwa adhuhuri, wote kwa mama. Hakuna aliyealikwa, na hakuna aliyeuliza kama kuna chakula. Tulikuwa tukipakua sinia kumi na nne.

Sinia hizo ninazo bado. Ni za bati, nyeupe, zina maua mekundu katikati, na nyingine maua yameshafutika kwa kusuguliwa na majivu. Ukizigeuza utaona alama. Mama alizitoboatoboa kwa ncha ya msumari: nukta tatu ni zetu, msalaba ni za jirani wa mashariki, mstari mmoja ni za kwa shangazi. Maana hakuna nyumba iliyokuwa na sinia kumi na nne zake peke yake. Watoto tulitumwa mkesha kuziazima, tunarudi nazo kichwani tukizipiga ngoma, na siku ya tatu tunatumwa kuzirejesha. Basi katika kuzisafisha juzi nimekuta mbili zenye msalaba. Si zetu. Zimebaki hapa sijui tangu Idi ya mwaka gani, na wenyewe hawajaziulizia. Hapo ndipo nilipojua kwamba hata jirani naye hapakui tena.

Wenzangu wa rika langu wana jibu moja la haya yote: watoto wa siku hizi hawana mapenzi na jamaa zao. Nalisikia misikitini, nalisikia kwenye maziko, nalisikia garini. Mie silikubali, na sababu yangu ni kwamba nilikuwepo. Nilisomesha hesabu skuli ya msingi miaka 34, mnisamehe basi nikizifanya hesabu hizi hadharani.

Katikati ya miaka ya 1970, nilipokuwa mtoto wa kutumwa sinia, Idi el-Fitri ilikuwa ikiangukia Septemba na Oktoba. Mtu wa Pemba akisikia miezi hiyo anajua ni nini: karafuu. Nyumba ya baba ilikuwa imejaa watu wiki kadhaa kabla mwezi haujaandama. Jamaa wa Kojani wako juu ya mikarafuu, binamu wa Mtambwe wamelala ukumbini, shangazi na mabinti zake wamekuja kuchambua. Usiku baada ya tarawehe tunakaa duara kwenye majamvi, kandili katikati, karafuu upande huu na makonyo, yaani vikonyo vyake, upande ule, vidole vyeusi, kila mtu anahesabiwa pishi yake. Sisi wadogo tulikuwa tukiokota mpeta, karafuu zilizodondoka, chini ya mikarafuu, na pesa ya mpeta ndiyo iliyonunua nguo ya Idi. Baba alinunua jora moja la kitambaa mjini Wete, sote tukashonewa: wavulana mashati, wasichana magauni, na kilichobaki kikawa mapazia. Tukipita njiani mtu anajua hawa wa nyumba gani, na anajua na dirisha lao.

Sasa niambieni: watu wale walikuja kwa ajili ya Idi? Walikuja kwa karafuu, Idi ikawakuta. Walikuwa wameshafika, wana njaa, na wana pesa mkononi. Mama hakuhitaji kumwita mtu.

Na Idi, kama mjuavyo, haikai. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 tulikuwa tunasali Idi Juni, miti haina kitu, wachumaji wako kwao. Nakumbuka mama akipakua sinia tisa, huku akisema watu wamebadilika. Watu walikuwa wale wale. Uliobadilika ni mwezi wa kizungu. Nilimwambia hivyo, akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyesoma kupita kiasi.

Mzunguko huo unachukua kama miaka 33. Kwa hiyo mwaka 2007 Idi ilirudi Oktoba, nami nikangoja kwa hamu kuona kama sinia nazo zitarudi. Hazikurudi. Mikarafuu ya baba mingi ilikuwa imezeeka na mingine imekufa, shamba limeshagawiwa mirathi vipande saba, na watoto wa wachumaji wa zamani wako Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na Maskati. Tulipakua sinia saba, na mama alikuwa hai. Idi itafika tena Oktoba karibu na mwaka 2040. Nitakuwa na miaka 78, Mungu akinijaalia, na sitangoja kitu.

Sasa friza. Mwezi wa sita mwaka 2010 umeme ulifika Pemba kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo tulikuwa na umeme wa majenereta, ukija ukiondoka, na mwenye friji alikuwa akiitumia kabati. Nataka nizungumzie Idi Kubwa hapa, ile ya mfungo tatu, kwa sababu ndiyo ya nyama. Zamani ng'ombe akichinjwa asubuhi baada ya sala, ilikuwa ni mbio. Jua la Pemba halina subira na nyama. Baba anakata, mama anapanga mafungu kwenye makombe, anafunika kawa, na sisi tunatumwa: hili kwa fulani, hili kwa mjane wa kule bondeni, hili kwa fundi wa cherehani. Hadi adhuhuri nyama yote imetoka nyumbani. Na kombe halirudi tupu: utarudi na tambi, na mkate wa kumimina, na asumini, na mwenye kombe mwenyewe anakuja jioni kusema ahsante, anakaa, anatiliwa chai. Nyama ndiyo iliyokuwa mwaliko. Ilitoka kwa kuogopa kuoza, ikarudi na watu.

Siku hizi nyama inatiwa kwenye mifuko, inaandikwa tarehe, inafungiwa. Ndugu yangu mmoja aliniambia mwezi wa tatu baada ya Idi kwamba bado anakula nyama ya kuchinja. Na msidhani nanyoosha kidole kwa wengine. Friza langu ni kubwa kuliko la mtu yeyote mtaani kwetu, nimelinunua kwa kiinua mgongo, na sitaliuza. Nasema tu nilichokiona: siku nilipolinunua niliacha kutuma mafungu matano, na watu watano wakaacha kuja kurejesha kombe.

Lipo na jambo la mwezi. Mie si mwanachuoni wala sitaki kesi na mtu. Mdogo wangu anafuata mwezi popote utakapoonekana duniani. Marehemu mume wangu alikuwa akingoja tangazo la hapa kwetu, nami nimebaki na desturi hiyo. Mwaka 2025 wao walisali Idi Jumapili ya Machi 30, sisi Jumatatu ya Machi 31. Jumapili ile mtoto wa mdogo wangu, wa miaka sita, alikuja kwangu amevaa kanzu mpya na kofia, mkono mmoja ameshika pulizo, mkono wa pili kibakuli cha tambi za sukari alizotumwa na mama yake. Mjukuu wangu alikuwa amefunga, ndiyo mara yake ya kwanza kufunga siku nzima. Akamtazama mwenzake, akazitazama tambi. Akaniuliza, "Bibi, kwa ami leo sikukuu, kwetu lini?" Nikamwambia kwetu kesho. Akauliza, "Mwezi wetu umechelewa gari?" Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Wakakaa barazani wawili wale, mmoja anakula na mmoja anamezea mate, wakicheza na pulizo. Tambi tuliziweka hadi magharibi.

Watoto hawana tabu. Tabu ni hesabu ya siku ya pili. Siku ya pili ya nani? Siku yetu ya pili kwao ni ya tatu, na siku ya tatu mke wa mdogo wangu huenda kwa wazee wake Micheweni, haki yake. Hapo zimeondoka sinia mbili, na hapana aliyekosana na mwenzake.

Wa Dar es Salaam nitawapitia haraka, kwa sababu habari yao inajulikana. Sisi tumelelewa kwamba sikukuu ni siku nne. Kalenda ya kazi ya mwanangu ina siku mbili kwa Idi el-Fitri na siku moja kwa Idi Kubwa. Tangazo la mwezi linatoka usiku. Atoke Dar kwa boti, ashuke Unguja, apande meli ya Pemba, ateremke Mkoani, apande gari ya njia namba 603 hadi Chake Chake, kisha ya 606 hadi Wete. Akifika, wenzake wanaaga. Shangazi yangu aliyeko Unguja hapandi meli kabisa tangu MV Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, siku kumi tu baada ya Idi. Ndege hana nauli yake, nasi hatumlazimishi. Siku ya pili namwekea simu kwenye spika, anasikiliza kelele za watoto, anauliza nani huyo analia.

Basi nani mwenye kosa? Karafuu, kalenda, umeme, bahari. Nimemtafuta asiye na mapenzi na jamaa zake, sijampata. Hata mie mwenyewe nina la kukiri. Zile sinia kumi na nne mnazozililia, ndugu zangu wanaume, hamkuzipika nyinyi. Mama alikuwa akiamka saa tisa ya usiku kuwasha kuni kwenye mafiga matatu. Sisi mabinti tunachagua mchele mawe, tunatwanga thumu na tangawizi, tunapalia makaa juu ya mfuniko huku macho yanatoka machozi. Wanaume wakila ukumbini, watoto wakila uani, wageni wakila barazani, sisi tunakwangua sufuria jikoni tumesimama. Sikuwahi hata mara moja kumwona mama akila pilau ya moto siku ya pili ya Idi. Mwaka huu, kwa sinia zangu tatu, nilikaa chini na dada yangu, sinia moja, pilau inafuka moshi, kachumbari pembeni, tukazungumza hadi alasiri mambo ambayo hatujayazungumza tangu tulipoolewa. Nisiseme uongo, nilifurahi.

Kwa hiyo sidai sinia kumi na nne. Nadai hesabu.

Nieleze ilivyokuwa. Vijana wetu wamefungua kundi la WhatsApp la ukoo, na mie wamenitia. Wiki moja kabla ya Idi nikaandika, kwa kidole kimoja, ikanichukua nusu saa: "Siku ya pili kwa mama kama kawaida. Atakayekuja aseme." Zikaja picha za vidole gumba. Mie nikajua kidole gumba ni ndiyo. Nikavihesabu: ishirini na saba. Nikapiga hesabu ya mwalimu. Ishirini na saba hawa wengine wana wake, wengine wana waume, wana watoto. Toa wanaoishi nyumba moja. Haipungui watu sitini. Sitini ni sinia kumi na mbili. Kwa kipimo cha mama, pishi moja kwa sinia mbili, ni pishi sita. Nikaenda nikapima mchele, nikaagiza nyama, nikakodi sufuria kubwa. Nikalala na furaha kama bibi harusi.

Walikuja kumi na tatu. Na katika hao, watatu walikuja na vibakuli vya plastiki vyenye vifuniko, wakasalimia, wakapakuliwa, wakaondoka kwenda kulia kwao mbele ya televisheni.

Jioni nikamuuliza mjukuu wangu mkubwa, huyu ana miaka kumi na saba: wale ishirini na saba wako wapi? Akachukua simu, akatazama, akanieleza kwa upole kama mtu anayempa mgonjwa dawa chungu. "Bibi, hii maana yake nimeona." Nimeona! Akaendelea kunionyesha nani ni nani. Mmoja yuko Maskati. Mmoja yuko London. Nimempikia wali mtu aliyeko London. Mmoja ni mwanangu wa Dar, ambaye asubuhi ile ile alikuwa amenitumia shilingi 50,000 za mkono wa Idi wa watoto, nami nimemjibu, "Ahsante mwanangu, unakuja?" na yeye akanijibu kwa kidole gumba. Na mmoja, Mhariri, kidole kile kilikuwa changu mwenyewe. Nilikigusa bila kujua.

Mkazamwana wangu, Mungu ambariki, ametoa shauri kwamba Idi ijayo tusipike. Kuna watu mjini wanapika kwa kuagizwa, kila mtu na kisanduku chake, hakimwagwi kitu. Nimemwambia nimesikia. Ana akili na anataka nipumzike. Lakini chakula cha kisanduku hakina ukoko, na watoto wanne wa nyumba hii wanakuja kwangu kwa ajili ya ukoko tu. Wakishaukwangua wakashiba ndipo wanaponipa mkono. Nazikunjua pesa kwenye pindo la kanga, noti moja moja. Za kwenye simu hawajui zimetoka kwa nani.

Basi nawaomba kupitia gazeti hili, jamaa zangu na jamaa za watu wengine walio na mama mkubwa anayepika kwa kubahatisha. Usipoweza kuja, sema siji. Silaani mtu, wala sitauliza sababu. Sababu nimeshawaandikia hapo juu zote mwenyewe. Ukija na vibakuli, vilevile sema, nikuwekee pembeni nisikupakulie kwenye sinia ya watu. Ukiwa London, usibonyeze kitu. Anayefuata mwezi wa mdogo wangu aniambie siku ya pili yake ni ipi, nitapika mara mbili, mchele nitaugawa. Na mwenye sinia mbili zenye alama ya msalaba aje azichukue. Nimezisugua, ziko juu ya kabati, na hazitarudi tupu.

Idi Kubwa siku ya pili ni kwa mama, kama kawaida. Nipigieni simu, nisikie sauti. Mwisho ni saa kumi ya jioni ya mkesha, maana saa kumi na nusu nafunga mlango nakwenda kupima mchele.

Mama Mkubwa,
Wete, Pemba.